Akida na Nahodha

Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, Kilwa, watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kuilima chini ya maakida wa serikali ya Wajerumani. Vita vya Maji Maji vikaanza.

Je, kosa la akida lilikuwa ukali? Sidhani. Nahodha wa jahazi la Kivinje naye ni mkali: dhoruba ikivuma hufoka, na mabaharia humtii bila kinyongo. Wanajua chombo kikizama, naye huzama nao. Lakini siku za pamba zilipomnyima mkulima siku za mtama wake, njaa haikumbishia hodi akida.

Basi, ndugu msomaji, kiongozi tusimpime kwa upole wa ulimi wake; tumpime kwa hasara anayoshiriki na anaowaongoza.