Kalamu ya Aliyelala

Nilipokuwa madrasa pale Ngamiani, tulifundishwa mapema kwamba wapo watu watatu ambao kalamu haiwaandikii: mtoto mpaka abaleghe, mwendawazimu mpaka akili imrudie, na aliyelala mpaka aamke. Huyo wa tatu nilimpenda sana. Nikajisemea, basi humo ndotoni nina ruhusa. Hakuna kati yetu aliyemuuliza maalimu swali ambalo leo, mtu mzima mimi, linaninyima raha: na yule aliyelala huku anajua kwamba amelala, je?

Mtu huyo yupo, si maneno ya vijiweni. Aristotle aliandika zamani kwamba mara nyingi mtu akiwa usingizini huwa kuna kitu ndani yake kinachomwambia kwamba anachokiona ni ndoto tu. Aprili 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, mtafiti Keith Hearne alimlaza Alan Worsley akiwa ameunganishwa na mashine za kupima usingizi. Walikuwa wamepatana: akijitambua ndotoni, apeleke macho kushoto na kulia kwa mpango maalumu. Kwani katika usingizi wa ndoto misuli mingi hulegea kabisa, lakini macho hubaki huru. Worsley akaitoa ishara ile hali amelala fofofo. Miaka michache baadaye Stephen LaBerge, wa Stanford kule Marekani, akalithibitisha jambo hilo kwa majaribio yake mwenyewe.

Sisi wa pwani mlango huo tunaujua kwa upande wake mbaya. Tunaita jinamizi: akili imeamka, mwili bado umelala, kifua kimekandamizwa, ukitaka kupiga kelele sauti haitoki. Mwaka 1995, huko Pemba, ng'ambo ya mkondo kutoka hapa Tanga, watu walilala nje makundi kwa makundi wakimhofia Popobawa, na wapo watafiti waliosema kwamba mengi yaliyosimuliwa yanafanana na hali hiyo hiyo. Sikusudii kumcheka mtu. Aliyekabwa na jinamizi hana hamu ya mhadhara.

Mimi nilijifunza kwa barabara. Wenye ujuzi wanasema maandishi na namba hazitulii ndotoni. Ukisoma mara mbili, mara ya pili hubadilika. Na mitaa ya Ngamiani, kama ujuavyo msomaji, inaitwa kwa namba. Basi kila nilipovuka barabara nilijiuliza: hii ni ya ngapi? Inayofuata ni ya ngapi? Niko macho kweli? Watu walidhani nimepotea, nami nimezaliwa hapo hapo. Mazoea ya mchana huingia usiku. Baada ya kama miezi miwili nikajikuta natembea, nikavuka barabara ya 12, mbele yake nikaikuta ya 9, halafu ya 12 tena. Nikasimama. Nikasema: aa, kumbe naota.

Na barazani alikuwa amekaa baba yangu, anashona wavu.

Hapa inabidi niseme lililonipeleka huko. Baba alipokuwa mgonjwa niliuza mashua yake. Fedha nyingine zilikwenda kwenye dawa, nyingine nilinunulia pikipiki. Yeye nikamwambia mashua ipo kwa fundi, inakalafatiwa. Kila asubuhi akiniuliza, "Fundi amefika wapi?" Aliuliza hivyo mpaka siku aliyofariki. Mdogo wangu, aliyekuwa akiitegemea mashua ile, nilimwambia Baba mwenyewe ndiye aliyeamua iuzwe.

Usiku ule nikampa shikamoo, akaitikia marahaba. Nikajua kwamba ndoto ni yangu na naweza kuiamuru. Nikamwamuru aseme amenisamehe. Akasema, kwa sauti yake kabisa, na mkono akaniwekea begani. Niliamka nalia kwa furaha. Kufika adhuhuri furaha ilikuwa imegeuka. Nilijiona kama mtu aliyeghushi saini ya mzee wake.

Utaniambia: ndoto tu hiyo bwana, umemdhulumu nani? Nimelifikiria sana. Mimi si shekhe na sitoi fatwa. Lakini tazama wale watatu: mtoto, mwendawazimu, aliyelala. Kinachowaunganisha si kufumba macho, maana wawili kati yao wako macho. Kinachowaunganisha ni kwamba hawana akili kamili ya kuchagua. Mimi usiku ule nilikuwa nayo. Nilijua niko wapi, nilijua ninachotaka, nikachagua. Mwili ulilala, aliyechagua hakulala.

Sisemi kujitambua ndotoni ni kubaya. Wapo waliojifunza jambo hili ili kumgeukia kinachowafukuza kila usiku, na ndoto za kutisha zikapungua. Mtu akiifukuza hofu yake, amefukuza kilicho chake. Msamaha wa baba yangu haukuwa wangu. Nikiuzoea huo wa kujitengenezea, nitaona deni limelipwa, na mdai mwingine yupo hai, anaendelea kuamini uongo wangu.

Mara ya pili barabara ziliponivurugikia, Baba alikuwa pale pale na wavu wake. Safari hii sikumwamuru chochote. Nilikaa chini nikamweleza yote: mashua, bei, pikipiki. Hakuinua uso. Aliendelea kushona, akakata uzi kwa meno, akaanza tundu jingine. Nilisubiri mpaka ndoto ikakatika. Sikupata neno, ila angalau maneno niliyoyasema yalikuwa yangu.

Asubuhi nilitoka na simu mkononi. Nikasimama njia panda nikahesabu: ya 11, ya 12, ya 13. Nikarudia. Zimepangana. Nikampigia mdogo wangu Pangani, nikamweleza kama nilivyomweleza Baba, pamoja na pikipiki.

Akanyamaza muda mrefu, nikadhani mtandao umekata.

"Kwa hiyo," akasema, "si Baba aliyeiuza?"

"Si Baba," nikamwambia.

Akakata simu. Mpaka naandika haya hajapiga, wala mimi sijui atasema nini.