Pembe Iliyopinda

Ndugu msomaji, jee, kosa dogo lisiloonekana na mtu, nalo lahesabiwa kosa? Huenda ukanijibu upesi. Ngoja nikusimulie jambo, kisha ujijibu mwenyewe.

Nilikwenda Uingereza kumzuru mwanangu. Mjukuu wangu ana reli ndogo ya mfano juu ya meza, na garimoshi lake huzunguka humo. Huko hata wazee hushughulika na reli hizi, na kipimo kilichoenea ni 1 kwa 76, yaani ukuta wa mita 3.8 huwa sentimita 5 tu.

Siku moja tuliketi kuunga kibanda cha stesheni. Vipande vyake hukatwa katika ubao mwembamba kwa mwali wa leza, nao huunguza mti unapopita. Ndiyo maana kingo zake huwa nyeusi. Huvitoa kwa kisu kikali, ukaingiza ndimi za ukuta huu katika matundu ya ukuta ule. Kwanza hujaribiwa pasi na gundi, ndipo gundi ikatiwa, na kila pembe hupimwa kwa gonia na kushikwa mpaka ikauke.

Mimi nikafanya haraka. Pembe moja ya nyuma ikakauka hali imepinda, kiasi cha unene wa ukucha. Nikasema, "Si neno, upande huo hauonekani." Kijana akanitazama, adabu ikamzuia kusema.

Tulipofika kwenye paa, likakataa. Likikaa mbele, huinuka nyuma. Tukilibonyeza nyuma, huachia mbele. Kosa la chini lilikuwa limepanda nasi, ukuta kwa ukuta, hata juu.

"Babu, si bora tubandue?" akauliza. Tukailainisha gundi kwa kitambaa cha maji ya moto, tukaanza upya.

Wako watakaosema kuwa mtu mzima kuchezea vibanda ni upuuzi. Huenda. Lakini usiku ule sikulala, kwani nilimkumbuka mwanafunzi wangu mmoja wa zamani. Alikuwa hapambanui ha nyepesi na ha nzito. Baba yake alikuwa mtu wa heshima, naye alitaka kusikia kuwa mwanawe anasonga mbele. Nikaona haya, nikampitisha, nikajiambia kuwa atajirekebisha huko mbele. Hakujirekebisha. Leo yeye mwenyewe ni mwalimu, na nimewasikia watoto wake wa chuoni wakisoma kwa kosa lile lile. Wao hawana lawama, wala yeye hana kubwa. Pembe iliyopinda ni yangu.

Basi tazama, ndugu yangu. Tunaposema "hakuna atakayeona", huwa tunaliangalia jicho la mtu na kuusahau uzito utakaowekwa juu ya kazi ile. Jicho laweza kudanganywa kwa rangi, ama paa halidanganyiki. Fundi wa msingi, mama anayelea, karani anayeandika hesabu, kila mmoja ana paa litakalokuja juu ya kazi yake, pengine likiezekwa na mwingine asiyejua kwa nini halikai.

Gundi hulainika kwa maji ya moto. Mtu hulainika kwa kukiri, nako ni kuzito zaidi. Nimekwisha rudi nyumbani, na mwanafunzi wangu yule bado sijamwendea. Nimeyaandika haya ili nisipate njia ya kurudi nyuma.