Ng'ombe Kumi na Wanne

Tukichangisha pesa za Sudan, hakosi mtu wa kuuliza: "Na Turkana je?" Swali ni la haki, ila linachukulia huruma kama unga: ukimpimia wa mbali, wa karibu analala njaa.

Mwaka 2002 Wamaasai wa Enoosaen waliipa Marekani ng'ombe 14, baada ya Kimeli Naiyomah, kijana wao aliyekuwa akisoma huko, kuwasimulia mashambulizi ya Septemba 11. Ng'ombe hao hawakuvuka bahari. Je, zawadi ilipotea bure? Sidhani. New York haikukosa nyama. Ilihitaji pole, na pole ilifika.

Lakini Khartoum si New York. Tangu vita vizuke Aprili 2023, vijana wa kujitolea huko wamekuwa wakiwapikia majirani zao mitaani. Sufuria yao haijai kwa pole, wala kwa picha zetu tukiwa tumevaa tisheti za mchango. Kwa aliyeshiba, moyo watosha. Kwa mwenye njaa, lazima moyo uje na risiti.

Na Turkana? Anayeuliza aje na kikapu chake, tutakipitisha pamoja.