Daftari Linaanzia Kwenye Tui

Daftari la mama lina jalada la kijani na harufu ya iliki isiyotoka. Ukurasa wa mkate wa kumimina umelowa mafuta katikati, kiasi kwamba ukiushika mwangani unasoma na maneno ya upande wa pili. Ameandika kwa kalamu ya wino: mchele vikombe 2, tui zito kikombe 1 na nusu, sukari robo tatu ya kikombe, hamira kijiko 1 cha chai, iliki, ute wa yai 1. Chini yake mstari mmoja tu: saga, acha uumuke, choma moto juu na chini. Na juu kabisa, kwa herufi kubwa: MKATE WA BIBI.

Mwezi huu nimeupika mara tatu kwa kuufuata ukurasa huo, hapa Dar es Salaam, na mara zote tatu nimetoa kitu ambacho watoto wangu walikila kwa adabu.

Mara ya kwanza niliua hamira. Nilipasha tui jikoni, nikaona ni haraka, nikalimimina lingali la moto. Hamira ni kiumbe hai. Ukiifikisha nyuzi 60 hivi umeshaizika. Mara ya pili uliumuka vizuri, ukajaa bakuli, nami kwa furaha nikaukoroga kabla ya kuumimina, na mapovu yote yakaishia hewani. Unga wa ngano ungenisamehe, maana una mnato wa kuukamata upepo tena. Mchele hauna. Kilichoshika mapovu yale ni uzito wa rojo na ule ute wa yai, basi, ukiyapasua hayarudi. Mara ya tatu nilikosa kwenye moto: chini mkaa mtupu, katikati uji.

Kwa asiyeujua, mkate huu haufanani na wa duka. Ni mchele uliolowekwa usiku kucha, ukasagwa na tui mpaka ukawa laini kama krimu, ukatiwa hamira na iliki, ukaachwa kuumuka, kisha ukamiminwa kwenye sufuria iliyopakwa mafuta. Mombasa wengi wanauita mkate wa sinia. Ukikatwa, ndani ni mweupe wenye vitundu kama sega la nyuki, na ukingoni una ukoko wa rangi ya asali ambao sisi watoto tuliugombania. Ng'ambo ya bahari, kule Kerala, watu wanakula appam, nayo ni mchele, nazi na uchachu, na kwa asili huchachushwa kwa tembo la mnazi. Bahari hii imeunganisha matumbo mengi.

Basi baada ya aibu ya tatu nikaketi na lile daftari, nikalisoma polepole kama mtu anayesoma hati ya kiwanja. Hapo ndipo nikaona kwamba mapishi yale yanaanzia kwenye tui. "Tui zito kikombe 1 na nusu." Kana kwamba tui linachotwa kisimani.

Tui lile tulilitoa sisi. Nyumba ya Bibi ilikuwa Ng'ambo, Unguja, na siku za Ramadhani, ikishaswaliwa alasiri, wajukuu tulipangiwa mbuzi. Mbuzi ni kile kigoda chenye ulimi wa chuma mbele, wenye meno. Unakikalia, unashika nusu ya nazi kwa mikono miwili, unazungusha. Nazi iwe nazi kweli, imekomaa, imekauka. Ukileta koroma unarudishwa sokoni. Tena kukuna kuna adabu yake. Ukibana sana unafika kwenye kifuu, unakwangua na ile ngozi ya kahawia, tui linaingia madoadoa na mkate unakuwa na rangi ya maji ya mtaro. Ukiwa mvivu unaacha nyama nusu. Nilikuwa na miaka minane, nimefunga nusu siku, mikono inateleza, na vidole vyangu viwili vina alama mpaka leo. Aliyekuna nazi mbili alipewa maji yake anywe, kama hajafunga. Aliyefunga aliyatazama tu.

Nazi iliyokunwa ikitoka mbuzini inaingia kwenye kifumbu, inakamuliwa. La kwanza, zito, ambalo halijaona maji mengi, ndilo tui la kasimile. Hilo ndilo la mkate. La pili na la tatu huenda kwenye mboga. Mama ameandika "zito" na kunyamaza, kwa sababu wakati akiandika, kasimile lilikuwa tayari kwenye bakuli mbele yake, na aliyelikamua alikuwa ameshatumwa dukani kununua kiberiti.

Nieleze pia kwamba leo natumia tui la pakiti, na wala sioni haya. Linafaa, mradi lisiongezwe maji. Anayesema mkate hauwi mkate bila mbuzi, aghalabu ni mtu ambaye hakuwahi kuikalia.

Kilichonishughulisha zaidi ni ule mstari wa mwisho. Choma moto juu na chini. Mama alikuja kwenye nyumba ile kwa kuolewa. Mapishi hakuyaona kwa macho, alitajiwa, na aliyemtajia alikuwa mkwewe, Bibi, ambaye wakati huo miguu ilikuwa imeshamchoka na alikuwa akipika kwa mdomo kutoka kwenye mkeka wa ukumbini. Mdomo ule ulikuwa na amri nzuri, siukatai. Lakini aliyekuwa amechuchumaa uani, moshi machoni, ni shangazi yangu. Yeye ndiye aliyepalia. Kupalia ni kuchukua makaa yanayowaka na kuyapanga juu ya mfuniko, mkate upate moto wa juu ushike kabla haujaanguka. Makaa machache, uso unabaki mbichi. Mengi, unaungua na katikati hapajaiva. Alikuwa na koleo moja iliyopinda, na mkono wake wa kulia una doa la kuungua lenye umbo la jani. Ramadhani nyingi kweli mkate ule ulitoka mikononi mwake, ukapelekwa kwa majirani kwenye sahani iliyofunikwa kawa, na sahani zikarudi na salamu: mwambieni Bibi, mkate wake umefana.

Nikampigia simu.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kuna mgonjwa?"

Nikamwambia hakuna mgonjwa, kuna mkate. Akacheka kwa muda ambao ulinigharimu salio. Kisha akauliza swali moja tu, wala halikuwa la mchele wala la hamira.

"Unaukalia?"

"Kuukalia vipi?"

"Uko kwenye moto, wewe uko wapi?"

Nilikuwa sebuleni, kusema kweli, nimetega saa ya simu dakika 40, kwa sababu ndivyo nilivyozoea oveni. Akaniambia nivute kiti nikae mbele yake.

"Mpaka lini, shangazi?"

"Mpaka usikie."

Nikadhani anasema mlio. Nikamuuliza kama mkate unapasuka, au unachemka. Akavuta pumzi kama mtu anayeongea na mtoto wa mbuzini. Harufu, mwanangu. Kuna harufu tatu. Ya kwanza ni ya nazi mbichi, hiyo usiijali, ni mvuke. Ya pili ni iliki, nyumba nzima itasikia, na hapo ndipo wajinga wanapofunua. Usifunue, ukifunua unaanguka. Ya tatu inakuja taratibu, kama nazi inayokaangwa kwenye kikaango kikavu. Ukiisikia hiyo, moto wa chini punguza, wa juu uongeze, hesabu kidogo, epua.

"Kidogo ni kiasi gani?"

"Kama kuswali rakaa mbili, bila haraka."

Nilichukua kalamu nikayaandika yote kwenye daftari la mama, pembeni, kwa maandishi madogo kwa sababu nafasi imekwisha. Sijui kwa nini mkono ulinitetemeka. Labda kwa kuwa miaka yote nimesema mbele za watu kwamba mkate huu nimeurithi kwa Bibi, na hiyo ndiyo mara ya kwanza nimemuuliza aliyeupika.

Oveni ina moto wa juu, ila nilikuwa siuwashi. Safari ya nne niliuwasha. Nilikaa kwenye stuli mbele ya kioo, simu nimeiacha chumbani. Rojo lilikuwa limeumuka mpaka likatoa vijicho usoni, nikalimimina bila kulikoroga, kwa mkupuo mmoja. Nazi mbichi ilikuja mapema. Iliki ikaja, na binti yangu akaingia kuuliza kama umeiva, nikamfukuza. Ya tatu ilichelewa hadi nikahisi nimepitwa, halafu ikafika, nyembamba, ikipita juu ya iliki, na ghafla niko uani Ng'ambo na matumbo yananguruma nikisubiri adhana.

Wiki iliyopita shangazi alivuka kwa boti kuja kutazamwa macho. Nilimwekea mkate mezani na chai ya tangawizi. Hakuuonja kwanza. Aliubinua, akabonyeza kitako kwa dole gumba, akaumega na kuuinua dirishani kutazama vitundu.

"Hamira imezidi," akasema. "Mji huu una joto. Tia nusu kijiko."

Nikamletea daftari. Aliliweka mbali na uso, kama wafanyavyo wasioona vizuri karibu, akasoma zile herufi kubwa za juu kwa sauti. Mkate wa Bibi. Akacheka tena kile kicheko cha kwenye simu.

"Bibi yenu alikuwa hali kitu cha sukari. Huu hata kuuonja hakuwahi."

Kisha akaomba gazeti, akafunga vipande vinne, vyote vya ukingoni.