ASIYEWEZA NA ASIYETAKA

Kazi ina heshima kubwa katika nchi yetu, na ni haki iwe hivyo. Wazee walituachia usemi kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Na Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, neno lililotangazwa kila mahali lilikuwa “Uhuru na Kazi”. Hakuna nyumba isimamayo bila jasho, wala taifa. Lakini sifa hii ina hatari yake. Azoeaye kumsifu mtenda kazi huelekea upesi kumdharau asiyetenda, bila kuuliza kwanza kwa nini hatendi. Leo twapenda kulifikiri jambo hili pamoja na wasomaji wetu, tukiwatazama watu ambao hukumu hiyo huwaangukia mara nyingi bila haki: ndugu zetu wanaougua maradhi ya figo ya muda mrefu.

Wagonjwa hawa si wachache. Yakadiriwa kwamba ulimwenguni mtu mzima mmoja katika kila kumi ana maradhi haya kwa kiasi fulani, na vyanzo vyake vikubwa ni kisukari na shinikizo la damu. Yanapoendelea, wengi hupatwa na uchovu usioondoka kwa usingizi, na udhaifu wa misuli, hasa ya mapaja. Mama ashindwa kujitwisha ndoo aliyoichukua miaka yote. Baba hawezi kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono. Tena alama haionekani. Mguu uliovunjika hufungwa, na kila apitaye huuhurumia; homa hujulikana kwa kiganja; lakini uchovu haushikiki. Hapo maneno huanza, kwanza kwa majirani, mwisho kwa watu wa nyumbani: “Anajilegeza huyu. Jana alikwenda harusini, leo hawezi kulima?”

Hebu tutazame mambo yalivyo ndani ya mwili. Figo zilizo nzima huchuja kiasi cha lita 180 za majimaji ya damu kila siku, zikirudisha karibu yote na kutoa uchafu kwa mkojo. Zaidi ya hayo hutoa homoni iitwayo erithropoietini, ambayo huuamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu. Figo zikiharibika, amri hiyo hufifia, damu hupungua, na misuli haipati oksijeni ya kuitosha. Asidi ambayo ingetoka kwa mkojo hubaki mwilini, nayo huusukuma mwili kuivunja protini ya misuli yake wenyewe. Hamu ya chakula hupotea na usingizi hukatika. Aliyefikia hatua ya kusafishwa damu kwa mashine hukaa hapo kwa kawaida saa nne, mara tatu kwa wiki, na wengi hurudi nyumbani wakiwa hoi hata kesho yake. Ndiyo sababu aliyechangamka jana aweza kulala kitandani leo. Hajilegezi, nguvu zake huja na kuondoka bila kumwomba ruhusa.

Wapo wanaojikinga kwa maneno ya Mtume Paulo kwa Wathesalonike, kana kwamba alimnyima chakula kila asiye na kazi. Yafaa wayasome tena. Mtume alisema juu ya mtu asiyetaka kufanya kazi. Juu ya asiyeweza hakusema neno. Kutaka ni jambo la moyo, kuweza ni jambo la mwili. Uvivu ni kosa kwa sababu mvivu ana nguvu na awanyima wenzake. Asiye nazo hana anachonyima. Basi kumwita mvivu ni kumshuhudia uongo, na amri ya nane haimlindi mzima peke yake.

Pengine mtu atauliza: Je, akitudanganya? Swali ni la haki, lakini tupime hasara ya kila upande. Tukimwamini mdanganyifu, tumepoteza kazi ya siku chache. Tukimtuhumu mgonjwa, tumemwongezea aibu juu ya maradhi, na mwenye aibu huficha dalili zake mpaka tiba ichelewe. Uchovu wa mwingine hatuuoni kwa macho. Njia yetu ya kwanza ya kuujua ni neno lake. Haki yataka tulisikie kabla ya kuhukumu.

Historia ya maradhi haya yenyewe yatuonya. Mwaka 1960, katika mji wa Seattle huko Marekani, daktari Belding Scribner alitengeneza mrija wa kukaa mkononi mwa mgonjwa, hata damu ikaweza kusafishwa mara kwa mara kwa muda mrefu. Mashine zilikuwa chache, wagonjwa wengi. Ikaundwa kamati ya raia saba kuchagua nani apewe nafasi, na katika kupima kwao waliangalia kazi ya mtu, mapato yake, elimu yake na familia yake. Hatudhani walikuwa watu wabaya. Walibebeshwa mzigo usiofaa bega la mwanadamu. Mwaka 1972 Marekani ilipitisha sheria ya kuwalipia tiba hiyo karibu wagonjwa wote. Lakini kamati ya namna ile ingali inakutana kila siku katika nyumba nyingi, pasipo jina wala kumbukumbu, kila wanapokaa ndugu kujiuliza kama huyu asiyezalisha kitu astahili nauli ya kwenda hospitali.

Liko kosa la pili, nalo huvaa joho la huruma. Ni kumnyang’anya mgonjwa kila kazi na kila shauri, akae tu kama mgeni katika nyumba aliyoijenga. Misuli isiyotumiwa hunyauka, na maradhi huzidisha kunyauka huko. Kwa sababu hiyo madaktari wa figo huwahimiza wagonjwa wafanye mazoezi ya kadiri, hata dakika 150 kwa wiki kwa yule awezaye, au kiasi mwili wake unachoruhusu. Kutembea mpaka kwa jirani, kuchambua mboga, kuwasimamia watoto wasomapo: hizi ni kazi. Papa Yohane Paulo II, katika barua yake Laborem Exercens ya mwaka 1981, alifundisha kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, wala mtu hayupo kwa ajili ya kazi. Na katika barua hiyohiyo alidai wenye ulemavu wapewe nafasi ya kazi iwafaayo. Mafundisho hayo mawili hayapingani.

Upendo wa nyumbani hauna budi kujifunza pia. Wengi, wakitaka kumrudishia mgonjwa nguvu, humletea ndizi, machungwa na maji ya madafu kwa wingi. Vyakula hivi vina potasiamu nyingi, na figo zilizochoka sana hushindwa kuitoa. Ikizidi, yaweza kulegeza misuli na hata kusimamisha moyo. Yafaa aulizwe daktari kwanza. Na aambiwe juu ya uchovu wenyewe, kwa maana upungufu wa damu na asidi iliyozidi vina dawa. Udhaifu ukija kwa ghafula, asingojewe mpaka asubuhi. Apelekwe hospitali mara moja.

Basi, enyi baba na mama, na ninyi vijana, mkimwona wa kwenu ameketi wakati wengine wako shambani, msianze kwa kuhesabu matuta ambayo hakulima. Mwulizeni leo anaweza nini. Akisema aweza kidogo, mpeni hicho kidogo akifanye kwa heshima. Akisema hawezi kitu, mletee chakula chake mapema, mkae mle pamoja naye.