Kidude cha Miguu Miwili

Ngamiani, mjini Tanga, palikuwa na fundi kijana ambaye mkono wake katika kulehemu ulisifiwa na wenzake wote. Risasi yake iling'aa, haikuacha uvimbe, wala hakuwahi kubandua njia za bodi. Mwalimu mmoja mstaafu alipomletea amplifaya ya Kijapani ya miaka ya 1970, upande wa kushoto umekufa na wa kulia unaimba vizuri tu, hakuna aliyedhani kazi ile ingemshinda.

Na mwanzoni haikumshinda. Transista mbili kubwa za mwisho zilikuwa zimepiga shoti, na risista mbili nyeupe za 0.33 ohm zinazopakana nazo zimekatika. Namba zilisomeka. Kijana alijua kwamba kwenye ganda la transista za Kijapani ile 2S ya mwanzo huachwa, hivyo ukiona D718 uisome 2SD718. Kwamba A na B ni PNP, na C na D ni NPN. Alijua pia kwamba C1815 na BC547 zinafanana kwa sura lakini miguu yao haipangwi sawa, na asiyeipanga upya atakesha akitafuta kosa ambalo halikuwapo. Hayo ndiyo mafundi wanayorithishana vibandani, na ni ya kweli. Ila yote yanahitaji namba ya kuanzia.

Kwenye hitisinki, katikati ya zile transista kubwa, palibanwa kidude cha miguu miwili kisicho na herufi wala tarakimu, ila nukta moja ya rangi ubavuni. Kijana akakitoa, akaweka mita yake ya njano kwenye alama ya daiodi, akapima. Kioo kikaandika 1. Akageuza nyaya. Kikaandika 1 tena. Akakitupa kwenye kopo la takataka za bodi na kuweka daiodi ya kawaida, 1N4007, kwa sababu nukta ile ilimfanya aamini kuwa ni daiodi.

Hapo alikuwa amekisia nusu tu. Kilikuwa daiodi kweli, lakini daiodi nne zilizofungwa mfululizo ndani ya ganda moja. Daiodi moja ya silikoni hula volti 0.6 hivi, nne zinakula karibu 2.4. Mita za kawaida za namna ile zinaishia 1.999, na chochote kinachozidi hapo huandikwa 1 peke yake, ileile inayoandikwa kwa waya uliokatika. Kwa hiyo mita haikusema kidude kimekufa. Ilisema kimepita upeo wake.

Na dawa ilikuwa kiganjani. Amplifaya ya stereo ina pande mbili zilizojengwa sawasawa, na upande wa kulia ulikuwa mzima. Angekichomoa kidude cha kulia na kukipima, kingeandika 1 vilevile, huku kwa masikio yake anasikia upande huo ukiimba. Mtu akiona kitu kizima kinatoa jibu lile la kitu kilichokufa, hana budi kuanza kukishuku kipimo. Hakukigusa, kwa hoja ambayo mafundi wengi wangeikubali: kizima usikichokonoe.

Amplifaya ikawaka, ikaimba, mwalimu akalipa. Baada ya muda akarudi.

“Mwanangu, nikifungua sauti kubwa iko safi. Usiku nikipunguza, upande huu unakwaruza.”

Malalamiko yale yalikuwa jibu kamili kwa anayejua kuyasikiliza. Transista za mwisho hupokezana kazi, moja inasukuma nusu ya juu ya wimbi na nyingine nusu ya chini. Ili zisiachiane pengo zinapopokezana, zinawekwa tayari muda wote, zikipitisha umeme kidogo sana hata pasipo wimbo. Kidude kile ndicho kilichozishikilia katika utayari huo. Zilihitaji volti 2.4 hivi, kijana akazipa 0.6, zikalala, pengo hilo halisikiki kwenye kelele, husikika kwenye sauti ya chini.

Jirani wa kibanda cha pili alichungulia akasema, “Hiyo ni zena, kaka. Weka zena.” Kijana alikuwa nayo moja ya volti 5.1, akaiweka.

Tufanye hesabu ambayo haikufanywa pale. Volti 5.1 ukitoa 2.4 zinabaki 2.7, na za kuzizuia ni zile risista mbili tu, jumla ohm 0.66. Zinapita ampea nne. Bodi hiyo ina volti 35 za chanya na 35 za hasi, yaani 70 kwa jumla, hivyo zaidi ya wati 270 zinageuka joto kabla hujaweka hata wimbo mmoja. Transista moja ikapiga shoti, volti 35 zikaenda moja kwa moja kwenye spika ya mwalimu, ambayo kijana alikuwa ameiomba ili ajaribie. Katika spika ya ohm 8 hizo ni wati 150 za umeme usiotikisika. Karatasi ya spika ilisukumwa nje ikabaki hukohuko, na koili ikanuka. Mafundi wana utani kwamba transista hufa upesi ili kuiokoa fyuzi, na siku hiyo fyuzi ilikatika mwisho kabisa.

Akaenda kwa mzee mmoja aliyeanza ufundi enzi za redio za valvu.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Kile cha mwanzo kilikuwa na nini?”

“Kilikuwa kimekufa.”

“Nani kakwambia?”

“Mita.”

Mzee hakuuliza kinaitwaje. Aliuliza kilikaa wapi. Kijana alipojibu kwamba kilibanwa kwenye hitisinki, mzee akawa ameshakijua nusu, maana hakuna anayekitia kitu kwenye joto kwa bahati mbaya. Kila daiodi ya silikoni hupunguza milivolti mbili hivi kwa kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka, na transista nazo hufanya vivyo hivyo. Zikipata moto pamoja, utayari haupandi ukaziunguza. Akauliza miguu yake iliunganishwa na nini, akaambiwa kwenye besi za transista mbili ndogo zinazozisukuma zile kubwa. Besi hadi besi, njiani kuna makutano manne. Hapo akaagiza kopo limwagwe.

Kidude kilikutwa. Mzee akachukua betri ya volti 9, akaifunga mfululizo na risista ya 4.7K na kidude, akapima volti juu ya kidude chenyewe: 2.3. Akakigeuza: 9 kasorobo. Kingekuwa zena, upande mmoja ungetoa 0.6 na mwingine volti zake. Kingekuwa risista ya joto, pande zote mbili zingelingana. Kisha wakachomoa cha kulia, nacho kikatoa 2.3.

Kikarudishwa mahali pake na pasta mpya ya joto, pamoja na transista na risista mpya. Safari hii umeme wa ukutani ulipitishwa kwanza kwenye glopu ya wati 60 iliyofungwa mfululizo, ambayo kungekuwa na shoti ingewaka kwa nguvu na kubeba balaa lote. Iliwaka kidogo, ikafifia. Juu ya risista ya 0.33 mita ilionyesha milivolti 8 kushoto, 8 kulia. Spika iliunganishwa baada ya hapo tu, baada ya kuhakikisha kwamba kwenye matundu yake hakuna volti.

Mwalimu hakudaiwa kitu. Kusuka upya koili ya spika kulilipwa na kijana, na zile transista kubwa alizinunua mara ya pili kwa fedha yake. Jirani wa zena alichangia pole.