Pishi Moja ya Mana



Sisi tulio watu wazima twalikumbuka Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, na zile Super VC10 zake zenye injini nne mkiani. Aina hiyo iliundwa Weybridge, Uingereza, ikikusudiwa viwanja vya nchi za joto na za miinuko, kama Nairobi. Na ya mwisho kabisa kuundwa ilikuwa ya kwetu, ikasajiliwa Tanzania mwaka 1970 kwa herufi 5H-MOG. Shirika lilipovunjika mwaka 1977 ilirudi Uingereza, ikageuzwa iwe ya kuzitilia mafuta ndege nyingine zikiwa angani. Jeshi lao liliitumia hata mwaka 2013, ndipo ikaingia mikononi mwa makumbusho ya Brooklands.

Si zote zilizojaliwa hivyo. Huko Cosford, mwaka 2006, ndege kadhaa za abiria zilizosimama nje ya makumbusho miaka mingi zilikatwa vipande. Mojawapo ilikuwa VC10. Kiwiliwili chake tu ndicho kilichosalimika, kikapelekwa Brooklands. Wako waliohuzunika sana, nasi hatuwacheki. Lakini ndege isiyo na banda hunyeshewa, kutu huila, na kuitunza ni kazi ya ngazi, brashi na fedha, mwaka hata mwaka. Machozi hayaizuii mvua.

Twasoma katika Kutoka sura ya 16 kwamba mana waliyoisaza watu hata asubuhi iliingia mabuu, ikanuka. Lakini pishi moja iliwekwa kwa amri ya Bwana, ili vizazi vione. Mana ni ile ile! Tofauti ni kwamba hiyo moja iliagizwa, ikapewa chombo na mahali pake. Tena twasoma katika 2 Wafalme 18 kwamba Hezekia aliivunja nyoka ya shaba, kazi ya mikono ya Musa mwenyewe, kwa kuwa watu walikuwa wakiifukizia uvumba.

Twayasema haya kwa sababu ya kile kinanda cha kukanyaga kilichomo chumba cha mavazi. Wengi wetu tulijifunzia tenzi kwacho, na kila aitajapo mtu habari ya kukitoa twanung'unika. Lakini mchwa wamekwisha kufika miguuni pake, wala hakuna kati yetu aliyekifuta vumbi tangu Pasaka. Halmashauri ya mtaa itakutana Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya Ibada. Atakaye kibaki na aje, na aseme ni siku gani ya juma atakuja kukitunza.